Kiswahili na Maada za Kushikizia Taka za Nyuklia: Mazingatio kutoka Port Reitz

Port Reitz ni mkono wa bahari unaoingia bara, magharibi ya kisiwa cha Mombasa. Kaskazini yake ipo Changamwe, pamoja na kiwanja cha ndege na magati ya Kipevu. Kusini yake ipo Dongo Kundu. Na kwa juu, mikokoni, mto Mwache huyamwaga maji yake. Hakuna kinu cha nyuklia mahali hapo, wala hakijapata kuwapo. Hata hivyo vyombo vyenye chembe za mionzi viletwavyo Kenya kwa meli, viwe vya hospitali, vya viwanda au vya wapimaji wa barabara, huingilia bandari hii. Na si nchi moja wala mbili ambako vyombo vya namna hiyo, vikiisha kazi, vimeonekana katika marundo ya vyuma chakavu. Kwa sababu hiyo Port Reitz ni mahali pafaapo kuanzia swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanafizikia na wanakemia peke yao: taka za nyuklia hutiwa katika maada gani, ni nani wanaozichunguza maada hizo na kwa fedha za nani, na utafiti huo unawezaje kusemwa kwa Kiswahili bila kupotoka?

Swali hili si la kujifurahisha. Mwaka 2019 Kenya ilitunga sheria mbili zinazohusu jambo hili. Moja iliunda wakala wa serikali wa kuandaa umeme wa nyuklia (NuPEA), uliorithi kazi za bodi iliyoundwa 2012; ya pili iliunda mamlaka ya kudhibiti mionzi (KNRA). Uyombo, katika kaunti ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa, ikatajwa kuwa mahali panapoweza kujengwa kinu cha kwanza. Wenyeji walipinga, na mwaka 2024 upinzani huo ukafikia makabiliano na polisi. Katika mabishano yote hayo neno moja lilirudiwa kuliko mengine: taka. Zitawekwa wapi, na zitakaa muda gani? Majibu ya wataalamu yalikuwapo, lakini yalikuwa katika Kiingereza cha ripoti.

KAZI YA MTAFITI

Taka za nyuklia si za namna moja. Zipo glavu na matambara ya maabara yaliyoguswa na chembe kidogo tu. Vipo vyanzo vya mionzi vilivyotumika hospitalini na viwandani, hasa kobalti 60 na sesiamu 137, vikiwa vimefungwa ndani ya vifuko vya chuma. Na yapo masazo makali ya fueli ya vinu vyenyewe. Kenya inazo aina mbili za kwanza tu, nazo hupelekwa katika kituo cha taifa kilichoko Oloolua, nje kidogo ya Nairobi. Aina ya tatu itakuja siku kinu kitakapowashwa, kama kitawashwa.

Anayefanya shahada ya uzamivu katika maada za taka hizi hana shabaha ya kuuondoa unururifu, maana hakuna moto wala tindikali iwezayo kuuondoa. Kiini cha atomu hufuata saa yake chenyewe. Shabaha yake ni kuzizuia chembe zisisafiri. Adui wake mkubwa ni maji. Chembe ikiyeyuka katika maji itaingia kisimani, katika mmea, katika samaki, na mwisho katika mfupa wa mtu. Kwa hiyo hutafutwa maada itakayoishika chembe katika umbo lake lenyewe, si kuifunika kwa nje tu. Tofauti hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Pipa hufunika, kioo hushika.

Njia inayotumiwa zaidi kwa masazo makali ni kuyayeyusha pamoja na mchanga na boroni katika joto la nyuzi 1,100 hivi za Selsiasi, kisha kuyamimina ndani ya makopo ya chuma kisichoshika kutu ili yagande yawe kioo. Ufaransa ilianza kufanya hivyo kwa kiwango cha kiwanda huko Marcoule mwaka 1978. Katika kioo cha namna hii atomu ya sesiamu haikukwama kama kokoto katika tope. Imeingia katika jengo la kioo, ikawa sehemu ya ukuta. Kwa taka za ukali wa wastani hutumika saruji iliyochanganywa na majivu ya tanuri za chuma. Kwa maji yaliyokwisha kuchafuka hutumika zeolaiti, jiwe lenye vijumba vidogo mno ambavyo sesiamu huingia na kukaa. Kiwanda cha Sellafield, Uingereza, kimeyasafisha maji yake kwa zeolaiti ya asili tangu 1985.

Mwaka huohuo wa 1978 A. E. Ringwood wa Australia alitoa wazo jingine, ambalo msomaji wa pwani ana sababu ya kulitazama kwa karibu. Alisema kwamba kioo ni kitu cha binadamu, na umri wake haujajaribiwa sana. Afadhali kuiga mawe ambayo yameibeba uraniamu na thoriamu ndani yake kwa mamilioni ya miaka bila kuimwaga. Akabuni mwamba wa kutengenezwa, Sinroki, wenye madini ya titaniamu yanayofanana na yale ya ardhini. Miongoni mwa madini ya asili yaliyochunguzwa kwa shabaha hiyo limo piroklori. Na piroklori haiko mbali na Port Reitz. Ndiyo iliyobeba niobiamu ya Mrima, kilima cha Kwale ambacho wanajiolojia wamekichimba vipimo tangu miaka ya 1950, na ambacho mionzi yake ya asili, kutokana na thoriamu hasa, ni mikubwa kupita kiasi cha kawaida. (Jina lenyewe ni la ukoo mmoja na *mlima*, hata atamkaye "Mrima Hill" anataja kilima mara mbili.) Jiwe ambalo maabara za ng'ambo hulitengeneza kwa tanuri na fedha nyingi, pwani ya Kenya inalo, nalo lina mvua na joto la kitropiki la enzi na enzi juu yake. Mtafiti atakaye kujua jinsi madini hayo yanavyovumilia maji ya moto wa nchi hizi, si baridi ya Ulaya, hana haja ya kusafiri mbali.

Ushahidi wa aina hii, wa kuiuliza ardhi yenyewe, una sifa kubwa Afrika. Mwaka 1972 iligunduliwa huko Oklo, Gabon, kwamba uraniamu ya mgodi ilikuwa imejiwasha yenyewe kama kinu miaka bilioni mbili iliyopita, na kwamba sehemu kubwa ya masazo yake haikwenda mbali na pale ilipozaliwa.

Katika maabara, siku za mtafiti ni za subira zaidi kuliko za hatari. Mara nyingi haigusi kabisa chembe yenye mionzi: mahali pa plutoniamu hutia seriamu, ambayo tabia yake ya kikemia yakaribia kufanana nayo, na mahali pa sesiamu kali hutia sesiamu tulivu. Huyeyusha, hupoza, hukata vipande, huvisaga, huvitia katika maji ya nyuzi 90 kwa siku 7 au 28, kisha huyapima maji ajue ni kiasi gani kimetoka. Huupitisha unga wake chini ya eksirei ili aone madini gani yamejijenga. Baada ya miaka mitatu au minne huwa na majedwali kadhaa na hoja moja: kwamba mchanganyiko fulani, wa vipimo fulani, huishika chembe fulani vizuri zaidi kuliko mwingine. Ni hoja ndogo, na ndivyo ipasavyo.

Fedha za kazi hii hutoka wapi? Uingereza, baraza la taifa la utafiti wa uhandisi na sayansi (EPSRC) hufadhili vituo vya pamoja vya wanafunzi wa uzamivu, ambamo vyuo vikuu kama Manchester, Sheffield na Leeds vimeshiriki, na kampuni zenye taka huchangia. Mkenya aliyetumwa na wakala wake wa nyuklia aghalabu ameelekea Korea ya Kusini, katika chuo cha KINGS, Ulsan, lakini hiyo ni ngazi ya uzamili. Mpango unaoelekea kumfaa zaidi mtafiti wa Afrika Mashariki ni ule wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) na kituo cha fizikia cha Trieste, Italia, kilichoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964: mwanafunzi hubaki ameandikishwa katika chuo kikuu cha kwao, akaenda ng'ambo kwa vipindi tu kutumia vyombo ambavyo kwao havipo.

Kwamba mpango huo wafaa zaidi si kwa sababu ya uzalendo. Fedha huchagua mada. Anayelipwa kutokana na vinu vya Uingereza atachunguza tope la mabwawa ya Sellafield, na atakuwa ametenda haki, kwani ndilo wanalomlipia. Lakini taka za Nairobi na Mombasa ni vyanzo vidogo vilivyofungwa, na swali lake ni jingine: kwa saruji ipi, ya chokaa ya wapi, katika unyevu gani? Mwembe haupandwi kwa jirani ukatarajiwa kivuli nyumbani. Simiti ya Bamburi imetengenezwa kwa mawe ya matumbawe ya pwani tangu 1954, na magofu ya Gedi yamesimama kwa chokaa ya matumbawe kwa karne nyingi katika hewa ya chumvi. Maswali ya uzamivu yamelala hapo yakingoja mfadhili.

MANENO

Hapa ndipo mwanaisimu anapoingia, na ndipo penye utajiri.

Neno *taka* ndilo la kwanza. Katika Kiswahili taka ni kitu kisicho na thamani, ambacho hufagiwa kikatupwa jaani. Na jaa ni mahali ambapo mtu hageuki nyuma kupatazama. Fueli iliyotoka kinuni haina sifa hizo mbili. Kwa kadiri asilimia 95 yake bado ni uraniamu, asilimia moja ni plutoniamu, na sehemu ndogo iliyobaki ndiyo masazo hasa ya kupasuka kwa atomu. Ufaransa huitenga na kuitumia tena. Ufini imeamua kuizika ilivyo. Kwa hiyo kuiita taka au kutoiita ni uamuzi wa siasa ya nishati kabla ya kuwa uamuzi wa lugha. Kiswahili kinayo maneno ya kutofautisha: *masazo* ni yale yaliyosalia ambayo pengine yatarudiwa, *makapi* ni yale yaliyokamuliwa yakaisha faida, *taka* ni ya kutupwa. Lugha yenye maneno matatu haina sababu ya kujifunga kwa moja kwa kuwa lugha nyingine inalo moja.

Istilahi za mionzi zenyewe zimekwisha kufanyiwa kazi. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ya TUKI (1990) ni ushahidi kwamba uwanja huu haukuachwa porini. Shida haiko katika kukosa maneno. Iko katika kuwa na mengi yasiyopatana. *Unururifu* wa vitabu, *mionzi* ya magazeti na ya maofisa wa Tanzania, *miale* ya walimu wa Kenya, yote husimama mahali pamoja, ilhali mambo ni mawili: sifa ya kitu kutoa, na kile kinachotolewa. Mtu anayesimama mbele ya mashine ya eksirei katika hospitali ya Port Reitz hupigwa na mionzi, lakini hatoki akiwa mnururifu. Asiyepewa maneno mawili hawezi kuelezwa jambo hilo, na hofu yake yabaki bila mpaka.

Kubwa kuliko hilo ni kitenzi cha kupungua. Mara nyingi kitenzi cha lugha za Ulaya hufasiriwa kwa *kuoza*. Tafsiri hiyo yapotosha kwa namna ambayo haionekani upesi. Katika Kiswahili kitu kinachooza huzidi kuwa kibaya: nyama ikioza hunuka, na mti ukioza huanguka. Atomu inapotoa mionzi ikageuka, rundo lake kwa jumla huzidi kutulia. Sesiamu ya leo ni kali kuliko sesiamu ileile miaka 30 ijayo. Msikilizaji aambiwapo kwamba taka hizo "zitaoza kwa miaka 300" ataelewa kinyume cha kilichokusudiwa, na hatakuwa na kosa. *Kufifia*, kama rangi au kama taa, ndicho kitenzi chenye mwelekeo wa kweli.

Na *nusu-uhai*? Neno limekwisha kuzoeleka na si rahisi kuling'oa, lakini uhai wake huleta taabu, kwa sababu mwenye uhai hufa, na kitu hiki hakifi siku yoyote ijulikanayo. Kila baada ya kipindi hubaki nusu ya kilichokuwapo, kisha nusu ya nusu. Kipindi hicho kwa kobalti 60 ni miaka 5 na ushei. Kwa sesiamu 137, miaka 30. Kwa ameriki 241, iliyokuwa ikitiwa katika ving'ora vya moshi, miaka 432. Kwa plutoniamu 239, miaka 24,100. *Kipindi-nusu* lingekuwa neno kavu lisilo na ndoto ndani yake.

Lipo jingine ambalo Kiswahili kinalo tayari, tena zuri kuliko la wakopeshaji. Mtafiti wa kioo hupima jinsi maji yanavyoichukua chembe kidogokidogo kutoka ndani ya maada iliyoonekana ngumu. Leso mpya ifuliwapo mara ya kwanza *huchujuka*: kitambaa hubaki kizima, lakini rangi imetoka na maji. Hakuna mama wa Changamwe asiyeijua tofauti ya leso inayochujuka na isiyochujuka, wala asiyejua kwamba maji ya moto huzidisha mchujuko. Kwa neno hilo moja jaribio la siku 28 katika maji ya nyuzi 90 limekwisha kuelezwa nusu. Kutoka hapo *mchujuko*, *kasi ya mchujuko* na *kisichochujuka* hujijenga bila kukopa chochote.

Kwa tendo la kuishikisha chembe ndani ya maada, *kushikiza* chafaa. Kwa kugeuza kioo, wengine wangependa kuunda kitenzi kipya kutokana na *kioo*. Haijulikani faida yake ni nini zaidi ya kuwa kirefu. *Saruji*, kwa upande wake, lina historia ya kuvutia. Huko Omani neno hilo bado hutaja lipu ya kale ya udongo uliochomwa, isiyopitisha maji, iliyotumiwa katika mifereji. Kiswahili kimelihamishia simiti ya kiwandani. Kumbe neno lilikuwa limeanza na kazi ya kuzuia maji, na kazi hiyo ndiyo linayoombwa tena.

Mwisho wa safari ya taka kuna vitenzi vitatu vinavyoshindana: *kufukia*, *kuzika* na *kuhifadhi*. Kufukia ni kwa kitu kisichotakiwa kuonekana, na huwa hakina kumbukumbu. Kuzika ni kwa maiti, na kaburi huwa na wenyewe, na wenyewe huwa na wajibu. Kuhifadhi ni kwa kitu cha thamani au cha amana, na mwenye amana huulizwa. Mpango wa Ufini wa kushusha makopo ya shaba katika mwamba wa Onkalo, mita 400 na zaidi chini ya ardhi, na kuyazungushia udongo ufurao unaponyweshwa maji, ni lipi kati ya hayo matatu? Mtangazaji wa redio atachagua kimoja katika nusu dakika bila kufikiri, na kwa uchaguzi huo atakuwa amemwambia msikilizaji kama kuna mtu atakayebaki na wajibu au la. Chini ya Changamwe, kwa njia, uko mwamba wa matope yaliyogandamana zama za Jurasi, zama zilezile za mwamba ambao Ufaransa imeuchagua huko Bure kwa kazi hiyo. Kufanana kwa umri si kufanana kwa kufaa, na hakuna aliyependekeza jambo kama hilo. Lakini yatosha kuonyesha kwamba vitenzi hivi si vya nchi za mbali tu.

MUDA NA ALAMA

Wataalamu wa maada hukadiria kwamba baada ya vipindi-nusu kumi kilichobaki ni kama sehemu moja ya elfu. Kwa sesiamu 137 hiyo ni miaka 300. Ni muda mrefu au mfupi? Mwanafasihi ya Kiswahili anaweza kuupima kwa kipimo chake mwenyewe. Nakala ya Utendi wa Tambuka ya Mwengo wa Athumani, wa Pate, ina tarehe ya 1728. Lau sanduku la sesiamu lingefungwa Pate mwaka huo, leo ndiyo kwanza lingekuwa linakaribia kutulia. Na onyo juu yake lingekuwa limeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa lahaja ya kaskazini ya wakati huo, yaani maandishi ambayo leo yanahitaji mtaalamu ili yasomwe, na wataalamu wenyewe hubishana. Hiyo ni lugha iliyobahatika kuendelea kusemwa, katika pwani ileile, na watu walewale.

Majina ya mahali yatoa ushahidi wa karibu zaidi. Maji makuu ya bandari huitwa Kilindini, na hata mtoto anayeingia shule aweza kulifumbua jina hilo: ni penye kilindi. Dongo Kundu vilevile lajieleza kwa rangi ya udongo wake. Port Reitz halijielezi. Ni jina la Luteni John James Reitz, ofisa wa Kiingereza aliyeachwa Mombasa na Kapteni Owen mwaka 1824 kusimamia himaya fupi iliyotangazwa wakati wa Wamazrui, akafa kwa homa mwaka huohuo. Jina limedumu miaka 200, likapita kwenye hospitali, wadi na barabara. Maana yake haikudumu hata kidogo. Hivyo ndivyo alama inavyoweza kubaki na ujumbe ukaondoka. Kwa mwenye kuandika onyo la miaka 300, Kilindini na Port Reitz ni mifano miwili ya kuwekwa mezani: jina lililoundwa kwa mizizi hai ya lugha hujitafsiri upya kila kizazi, na jina la kuletwa huishi kama sauti.

Marekani iliwahi kuliuliza swali hili rasmi. Mwaka 1981 iliunda kikosi cha wataalamu kutafuta namna ya kuwaonya watu wa miaka 10,000 ijayo, na mwanaisimu Thomas Sebeok akatoa taarifa yake mwaka 1984. Hakuamini kwamba maandishi yoyote yangefika. Alipendekeza ujumbe ufanywe upya kila vizazi vitatu, ukilindwa na kundi la watu maalumu wanaoupokezana, ambao aliwaita makuhani wa atomu. Pendekezo hilo laweza kuchekwa. Katika nchi ya Mijikenda lisingechekwa upesi, kwa kuwa kundi la namna hiyo lipo: wazee wa kaya, wanaopokezana miiko ya msitu bila kuandika. Kaya Mrima, juu ya kilima kilekile cha thoriamu, ni mmojawapo wa misitu hiyo ya Wadigo. Isije ikadaiwa kwamba miiko ya Mrima ilitokana na mionzi. Hakuna ushahidi wowote wa hilo, na dai kama hilo lingekuwa hekaya tu. La maana ni chombo chenyewe cha kupokezana, na chombo hicho kina udhaifu wake: hutegemea vijana wa kupokea.

Kwamba alama hushindwa hata katika maisha ya mtu mmoja, mji wa Goiânia, Brazili, ulijifunza Septemba 1987. Mashine ya tiba iliachwa katika jengo lililohamwa. Waokota vyuma wakaibomoa, wakaiuza kwa mwenye duka la vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na chumvi ya sesiamu iliyong'aa kibuluu gizani. Jamaa na majirani wakagawiana. Watu 4 walikufa, na 249 wakakutwa wamechafuliwa. Mambo mawili yaliungana hapo. Sesiamu ile ilikuwa chumvi ya kuyeyuka, unga wa kutawanyika, si kioo wala jiwe. Lau ingeshikizwa katika maada nyingine, isingepakwa ngozini. Na alama ya mionzi, lile duara lenye mapanga matatu, haikumwambia kitu mtu asiyefundishwa. Maada ilishindwa na ishara ilishindwa, na kwa aliyekuwa na nyundo mkononi hayo yalikuwa jambo moja.

IAEA na shirika la viwango la kimataifa baadaye walitengeneza alama nyingine, iliyotolewa 2007: pembetatu nyekundu yenye miale, fuvu, na mtu anayekimbia. Kabla ya kuitoa walijaribu michoro kwa watu 1,650 katika nchi 11, na Kenya ilikuwa mojawapo. Ni mfano mmoja wa nadra ambapo Mwafrika wa kawaida aliulizwa kwanza kile anachoelewa. Maneno hayakupata bahati hiyo. Ghala la taka la New Mexico limepangiwa maonyo kwa lugha sita za Umoja wa Mataifa pamoja na Kinavajo, lugha ya wenyeji wa karibu. Kigezo cha Kinavajo ndicho cha kuigwa: onyo huandikwa kwanza kwa lugha ya anayeishi jirani nalo.

IKISIRI YA KISWAHILI

Mikindani, mwendo mfupi kutoka Port Reitz, wakazi wa Owino Uhuru waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu hadi kilipofungwa 2014. Risasi haina kipindi-nusu, haififii kamwe. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Waliokuwa na damu yenye risasi walijifunza msamiati wa sumu kwa kuwa wagonjwa kwanza. Utaratibu huo wa kujifunza hautamaniwi katika nyuklia.

Kipo kitu kidogo ambacho idara za lugha zaweza kukifanya bila kungoja kinu. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo tasnifu ya uzamivu kuhusu saruji ya Oloolua au piroklori ya Mrima huandikwa, hutetewa na huwekwa maktabani kwa Kiingereza peke yake. Chuo kikuu chaweza kudai kwamba kila tasnifu ya sayansi inayogusa afya na ardhi ya watu iwe na ikisiri ya Kiswahili. Si aya moja ya kupamba, bali kurasa kumi au kumi na tano, zilizosomwa na mtahini wa lugha kama zile nyingine zinavyosomwa na mtahini wa kemia. Mfadhili akiombwa kulipia tanuri na eksirei, aombwe pia posho ya mtafsiri na ya mikutano miwili ya kijijini. Gharama hiyo ni ndogo mno mbele ya bei ya tanuri moja.

Faida ya kwanza ingemrudia mtafiti mwenyewe. Anayelazimika kuamua kama chembe zake zimefukiwa, zimezikwa au zimehifadhiwa atagundua kwamba hakuwa ameamua. Faida ya pili ingekwenda Uyombo, au Siaya kwenye ufuko wa Ziwa ambako serikali ilianza kugeukia baada ya upinzani wa Kilifi, na ambako kazi ya Kidholuo itapaswa kuanza pale kazi ya Kiswahili ilipofika. Na faida ya tatu ni ya wenye maghala ya vyuma chakavu wa Changamwe na Jomvu, ambao hadi sasa hawajawekwa katika orodha ya wasomaji wa tasnifu yoyote.